Sato wa miezi sita? Piga hesabu kwanza, ndo uchimbe bwawa



Siku hizi ukipita mabondeni kwetu unakuta vijana wameshika majembe na chepe, na ukiwauliza wanalima nini wanakwambia hawalimi, wanachimba bwawa la samaki. Nawaelewa kabisa. Ziwa Victoria liko mbali nasi, sangara akifika Ngara ameshapanda bei mara mbili tatu njiani, na dagaa ndo hao hao wa kila siku. Mtu akikwambia unaweza kuvuna sato nyuma ya nyumba yako, lazima masikio yasimame.

Tatizo langu sio bwawa. Tatizo langu ni karatasi moja ya mchanganuo inayozunguka toka kwa muuza vifaranga mmoja, jina tuliache. Karatasi inasema hivi: sato akiwa na miezi 2 ana sentimita 8. Kwa hiyo miezi 4 atakuwa na sentimita 16, miezi 6 sentimita 24, miezi 8 sentimita 32. Ukipandikiza vifaranga 500 na wakabaki 400, miezi 8 unavuna kilo 262. Zidisha kwa bei ya kilo, toa gharama, umeshakuwa bosi.

Vijana wanachukua karatasi hiyo, wanaiambatanisha na maombi ya mkopo, kisha wanasubiri. Leo nataka tuikague kwa hesabu. Hesabu yenyewe ni ya kidato cha nne, tena ukiwa hapo kafe una kompyuta yenye Excel mbele yako. Dakika 10 zinatosha.

SAMAKI HAKUI KAMA MSTARI WA RULA

Endelea na hesabu ya ile karatasi. Kama kila miezi 2 anaongeza sentimita 8, basi mwaka mmoja ana sentimita 48, ambaye ni sato wa kilo 2 na ushee. Miaka mitano ana mita 2 na sentimita 40. Huyo sio sato tena wadau, ni mamba! Kwa hiyo tayari tumejua kuna mahali mstari lazima upinde. Swali ni unapindia wapi na unapinda kiasi gani.

Aliyetupatia jibu linalotumika mpaka leo dunia nzima ni mwanabiolojia wa Austria, Ludwig von Bertalanffy, aliyeandika hesabu hiyo mwaka 1938. Wazo lake ni rahisi ukilitazama kama mambo ya nyumbani. Mwili wa samaki una kipato na una matumizi. Kipato kinaingia kupitia nyuso za mwili: ukuta wa utumbo unaonyonya chakula, mashavu anayopumulia. Matumizi yanatoka kwenye mwili mzima, maana kila kipande cha nyama kinataka kulishwa ili kiwe hai tu.

Sasa samaki akirefuka mara mbili, nyuso zake zinaongezeka mara 4 (mbili mara mbili), ila nyama yake inaongezeka mara 8 (mbili mara mbili mara mbili). Yaani kipato kimepanda mara 4 na walaji ndani ya nyumba wamepanda mara 8. Mwanzoni akiwa mdogo anabakiwa na cha kujengea mwili. Kadri anavyokua, kinachobaki kinapungua. Mwisho kipato na matumizi vinalingana, na hapo ndo urefu wake wa ukomo. Hagongi ukuta ghafla, anaukaribia taratibu kila mwezi.

Hesabu inakuwa na namba mbili tu za kukumbuka. Ya kwanza ni urefu wa ukomo, nitauita U. Ya pili ni kasi ya kuukaribia ukomo huo, nitaiita K. Watu wengi wanadhani K ni kasi ya kukua tu. Hapana. K inasema kila mwezi samaki anapunguza sehemu gani ya safari iliyobaki. Dagaa wa Ziwa Victoria ana K kubwa sana, maana ukomo wake ni wa sentimita chache tu na anamaliza safari mapema. Sangara anaweza kufika karibu mita 2, lakini anatumia miaka mingi, kwa hiyo K yake ni ndogo.

FUNGUA EXCEL

Tuchukue mfano. Nasisitiza, ni mfano wa kujifunzia, sio kipimo cha bwawa la mtu yeyote. Tuseme kwenye bwawa lako U ni sentimita 30 na K ni 0.15 kwa mwezi. Kwenye safu ya A andika miezi tangu kifaranga alipoanguliwa: 2, 4, 6, 8, 10, 12. Kwenye B1 andika:

=30*(1-EXP(-0.15*A1))

Kisha kwenye C1, kwa ajili ya uzito wa gramu:

=0.02*B1^3

Ile 3 iko pale kwa sababu samaki ana urefu, upana na kimo, kwa hiyo uzito unafuata urefu mara tatu. Ile 0.02 ni namba ya umbo: samaki mwembamba kama dagaa ana yake, sato aliye bapa na mnene ana yake. Vuta fomula hadi chini, utapata hivi:

Miezi 2: sentimita 7.8, gramu 9
Miezi 4: sentimita 13.5, gramu 49
Miezi 6: sentimita 17.8, gramu 113
Miezi 8: sentimita 21.0, gramu 185
Miezi 10: sentimita 23.3, gramu 253
Miezi 12: sentimita 25.0, gramu 313

(Namba za mwisho zinaweza kupishana kidogo na zako kwa sababu ya kukadiria.)

Linganisheni sasa. Miezi 2 ni sentimita 7.8, karibu sawa na ile 8 ya karatasi. Yaani mwanzoni muuzaji hakudanganya! Ndo maana karatasi inaaminika, ukienda kupima vifaranga miezi ya mwanzo unakuta jamaa yuko sahihi. Ila miezi 8 karatasi inasema sentimita 32 na gramu 655. Hesabu yetu inasema sentimita 21 na gramu 185. Kwa samaki 400, karatasi inatoa kilo 262, bwawa linatoa kilo 74. Kosa la urefu lilionekana dogo, ila uzito unafuata urefu mara tatu, na kosa nalo linafuata njia hiyo hiyo.

UZITO UNA TABIA YAKE

Hapa pana kitu wengi hawakijui. Urefu unapunguza mwendo tangu siku ya kwanza, lakini uzito hauanzi hivyo. Angalia tena jedwali uone kila miezi miwili samaki ameongeza gramu ngapi: 40, halafu 64, halafu 72, halafu 68, halafu 60. Inapanda, inafika kileleni, inaanza kushuka.

Kwa hesabu ya Bertalanffy kilele hicho kinakuja samaki akifika theluthi mbili ya urefu wake wa ukomo. Hapo uzito wake ni kama asilimia 30 ya uzito wa mwisho. Kwenye mfano wetu ni sentimita 20, gramu 160, mwezi wa saba na siku chache.

Maana yake kwa mfukoni ni nini? Kabla ya kilele, kila mwezi unaosubiri unalipa zaidi ya uliopita. Baada ya kilele, samaki anaendelea kukua, ila kila mwezi anakupa gramu pungufu huku anakula zaidi, maana mwili mkubwa una walaji wengi. Pumba, mashudu na dagaa wa kulishia havishuki bei kwa kukuonea huruma. Kwa hiyo anayevuna mapema sana anauza samaki kabla hajalipa, na anayengojea sato wa kilo anaweza kuwa analisha tu matumbo. Kilele sio amri ya kuvuna siku ile ile, maana bei ya sokoni nayo ina neno lake, ila ndipo mahali pa kuanza kutoa kalamu na kuhesabu kila mwezi.

SASA TUJE MBUBA KWENYEWE

Samaki hana joto lake mwenyewe kama sisi. Maji yakiwa ya baridi, mwili wake wote unakwenda polepole: anakula kidogo, anameng'enya kidogo, anakua kidogo. Sato anapenda maji ya nyuzi 27 hadi 30 za Selsiasi. Yakishuka chini ya 20 anazubaa. Sasa wadau mnaijua Ngara. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi na vilima vyetu tuko juu zaidi. Asubuhi unatoka na sweta. Na bwawa letu la bondeni linalishwa na chemchemi inayotoka ardhini ikiwa ya baridi, tena wengine wanaiacha iingie na kutoka mchana na usiku wakidhani maji yanayotembea ndo afya.

Kwenye hesabu, baridi inashambulia K. Rudi Excel, badilisha 0.15 uweke 0.09, acha mengine vile vile. Miezi 6: sentimita 12.5, gramu 39. Miezi 8: sentimita 15.4, gramu 73. Mwaka mzima: sentimita 19.8, gramu 155 hivi. Kile kilele cha uzito kimehama toka mwezi wa saba mpaka baada ya mwezi wa kumi na mbili. Samaki 400 kwa miezi 8 ni kilo 29.

Karatasi: 262. Bwawa la joto: 74. Bwawa la baridi: 29. Kifaranga ni yule yule, mstari wa kwanza wa karatasi ni ule ule. Ndo maana mchanganuo uliotungwa kwa ajili ya bwawa la Pwani au Morogoro haufai kunakiliwa huku bila kupima maji.

Kuna na adui wa pili, naye anashambulia U. Sato anazaa mapema mno. Ukiwachanganya majike na madume, baada ya miezi michache bwawa linajaa watoto ambao hukuwanunua na hukuwapigia hesabu ya chakula. Chakula kile kile kinagawanywa kwa midomo mingi, na majike wanapeleka nguvu kwenye mayai badala ya nyama. Wote wanadumaa. Unaweza kukaa na bwawa miaka miwili ukavuna samaki wa kiganja. Hapo hata ungengoja vipi, ukomo wenyewe umeshushwa. Dawa zinazojulikana ni mbili: kupandikiza madume tupu, maana madume ya sato hukua haraka kuliko majike, au kuweka kambare wachache ndani ya bwawa wawale hao watoto. Kambare usiwaingize wakiwa wakubwa kuliko sato wako, la sivyo watakula mtaji.

HESABU HII HII NDO INAYOLINDA ZIWA

Kama mnadhani haya ni mambo ya mabwawa tu, angalieni ziwani. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham alifanya uchunguzi wa uvuvi Ziwa Victoria, akakuta ngege, yule sato wa asili, ameanza kupungua. Akapendekeza nyavu zisiwe na macho chini ya inchi 5, ili ngege wadogo wapite na kukua. Miaka ya 1950 sheria hiyo ikaondolewa upande wetu wa Tanganyika na Uganda. Huko Jinja, kwenye shirika la utafiti wa samaki la Afrika Mashariki lililoanzishwa 1947, mtafiti D. J. Garrod alichapisha mwaka 1959 utafiti wa ukuaji wa ngege. Miaka hiyo hiyo ya 50 wakaingizwa sangara na sato tunayemfuga leo. Ngege leo yuko kwenye orodha ya samaki walio hatarini kabisa kutoweka, amebaki zaidi kwenye vijiziwa vya pembeni kama Kanyaboli kule Kenya.

Kwa sasa Kanuni za Uvuvi za Tanzania zinakataza kuvua sangara chini ya sentimita 50 na sato chini ya sentimita 25. Wengi tunaona ni usumbufu wa maofisa na rula zao. Lakini pigeni ile hesabu ya mara tatu: sangara wa sentimita 40 akiachwa afike 80, urefu umezidi mara 2, uzito umezidi mara 8. Anayemvua akiwa na 40 ametupa majini sehemu 7 kati ya 8 za nyama, na huenda samaki hajazaa hata mara moja.

Mtu atauliza, umri wa samaki wa ziwani wanaujuaje, wakati hana cheti cha kuzaliwa? Ulaya wanasoma miduara kwenye magamba au kwenye vijiwe vya sikioni, kama unavyosoma mti uliokatwa. Baridi kali inaacha alama kila mwaka. Kwetu karibu na ikweta hakuna majira makali hivyo, alama zinachanganya. Ndo maana mwanzoni mwa miaka ya 1980 Daniel Pauly, akiwa Ufilipino, alitengeneza na wenzake programu ya kompyuta inayoitwa ELEFAN. Badala ya umri inatumia urefu: unapima samaki wengi kila mwezi, unaona kundi la wadogo waliozaliwa pamoja likisogea mwezi hadi mwezi, na kompyuta inatafuta U na K zinazofuata mwendo huo. Njia hiyo imetumika sana kwenye maziwa na bahari za nchi za joto, Ziwa Victoria likiwemo.

PIMA MWENYEWE, USINGOJE MTAALAMU

Kwenye bwawa sisi tuna bahati, tarehe ya kupandikiza tunaijua. Kila mwezi tupa wavu, chukua samaki 30 bila kuchagua (usichague wanono wa kupigia picha!), pima toka mdomo hadi mwisho wa mkia, tafuta wastani, andika kwenye daftari. Pima na joto la maji alfajiri na saa nane mchana.

Ukishakuwa na vipimo vitatu vilivyoachana muda sawa, U yako unaipata kwa kikokotoo cha simu. Mfano toka jedwali letu, kwa kila miezi miwili: 13.5, 17.8, 21.0. Ongezeko la kwanza 4.3, la pili 3.2. Gawanya la pili kwa la kwanza: 0.74. Moja toa 0.74 ni 0.26. Gawanya 4.3 kwa 0.26: ni 16.5. Jumlisha na 13.5 ulizoanzia: ni 30. Hiyo ndo U! Njia hii ina asili kwenye kazi ya Ford ya mwaka 1933 na Walford ya 1946, waliokuwa wanaichora kwenye karatasi ya grafu. Vipimo vitatu vya kweli vitayumba kidogo, kwa hiyo usiishie hapo, endelea kupima na jibu litatulia.

Na ile 0.74 ichungeni sana. Ikishuka ghafla, kuna jambo bwawani: maji yamepoa, chakula hakitoshi, au wamezaliana. Utajua miezi kadhaa kabla ya siku ya kuvuna, ukiwa bado na nafasi ya kupunguza maji yanayoingia, kuongeza samadi au kuwatoa wadogo.

KUHUSU MKOPO

Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni haki yetu na ni vizuri tuombe. Ila ushauri wangu kwa kikundi chochote cha Mbuba, Rulenge au Biharamulo ni huu. Msiandike marejesho yaanze mwezi wa sita kwa sababu karatasi ya muuzaji imesema hivyo. Pimeni joto la maji kabla ya kuchimba. Anzeni na bwawa dogo mwaka mmoja, mpate U na K zenu wenyewe, ndipo mwende kuomba fedha ya mabwawa makubwa mkiwa na daftari mkononi. Kikundi kilichoahidi kilo 262 na kikavuna 29 kitaitwa wezi au wavivu, na wote mnajua vijana wa huku hawakosi watu wa kuwaita hivyo. Kumbe hawakuiba wala hawakulala. Walipewa mstari ulionyooka kwa kiumbe ambaye hakui hivyo.

Bwana samaki wa wilaya akipita, mwonyesheni vipimo, muulizeni na maswali magumu. Na mwenye bwawa lake huku nyanda zetu aliyewahi kupima, atuwekee urefu, miezi na joto la maji hapo chini kwenye maoni, jina sio lazima. Tukipata mabwawa kumi tu, tutatengeneza mchanganuo wetu wenyewe wa Ngara, na muuza vifaranga tutampa nakala bure.

Nawasilisha.